Chipsi Nyekundu Bila Chumvi ya Bahari

Wonju, 9 Septemba 2012

Mwanangu Seun,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako tangu uzaliwe, kwa hiyo usiicheke. Nimeianza na kuichana, nimeianza na kuichana. Mara ya kwanza niliandika "Kwa mhusika," kama ninavyowaandikia wenye majengo lifti zao zikiharibika.

Mimi mzima. Kazi inaendelea. Jana nilimtoa bibi mmoja na mbwa wake kwenye lifti iliyokwama katikati ya ghorofa mbili. Mbwa alinilamba mkono, bibi alinitukana.

Ninaandika kwa sababu moja. Zile chipsi nyekundu za pilipili ulizokuwa ukipika Jumapili, zile za kunata vidole, zinapikwaje? Nieleze tangu mwanzo, kama unamweleza mtu asiyejua jiko linawashiwa wapi. Ni za kushushia bia. Usiniambie nikanunue. Nimenunua, zikafika nyumbani zimelegea kama matambara.

Kula vizuri. Usibishane na wakubwa wako. Huko jeshini Hwacheon baridi inawahi, funga kola.

Baba yako,
Pyo Gilhwan


Hwacheon, 17 Septemba 2012

Shikamoo Baba,

Niliposema bwenini kwamba baba yangu anataka kujifunza kupika, Koplo Bang wa zahanati alikuja kunishika paji la uso aone kama nina homa. Sasa kila jioni wananiuliza, "Pyo, mzee ameshaunguza nyumba?"

Basi sikiliza. Jiko ni lile lenye moto. Chukua viazi vikavu, vile vya unga, si vile vya maji. Menya, kata vipande vya unene wa kidole chako cha mwisho. Loweka kwenye maji baridi mpaka maji yawe meupe, mwaga, loweka tena. Halafu vikaushe, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Vitandaze juu ya kitambaa, uvifute kimoja kimoja kama watoto waliotoka kuoga. Nyunyizia wanga wa viazi, tikisa.

Kaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, vitoe vingali vyeupe, viache vipumzike. Mara ya pili moto mkali, mpaka vikigongana vinalia kama njiti ndani ya kiberiti.

Rojo lipike pembeni kwa moto mdogo: gochujang ya Mama, ile pilipili iliyochachushwa kwenye mtungi pale roshani, kijiko kimoja kilichojaa, soya kidogo, sharubati nzito ya mahindi, saumu ya kuponda, unga wa pilipili. Likianza kutokota kama tope, zima moto. Tumbukiza chipsi, geuza haraka, nyunyiza ufuta. Uzile papo hapo, hazisubiri mtu.

Lakini Baba, tangu lini unakunywa bia nyumbani? Na kwa nini usimuulize Mama? Alikuwa akisimama nyuma yangu akidokoa hata kabla sijatia ufuta, anajua kila kitu. Halafu nimepiga simu mara mbili, zote umepokea wewe, na zote Mama yuko sokoni. Ni soko gani hilo lisilofungwa? Jumapili mpe simu, tafadhali.

Mwanao,
Seun


Wonju, 25 Septemba 2012

Seun,

Ripoti ya kazi.

Jaribio la kwanza: nilidhani nimevikausha. Mafuta yaliruka mpaka kwenye kalenda. Tangu siku hiyo nakaanga nimevaa helmeti ya kazini na miwani ya kulehemu.

Jaribio la pili: viazi vilikubali, rojo likagoma. Niligeuka kidogo tu kutafuta ufuta, nikakuta lami. Sufuria nimeizika kwenye pipa la taka la jirani.

Jaribio la tatu lilikuwa chakula. Hazikulia kama njiti za kiberiti ila hazikulegea pia. Zililiwa.

Lifti ikigoma nafungua mlango wake naona tatizo liko wapi. Kiazi hakina mlango. Mnawezaje?

Mama yako amekwenda Yeosu kwa dada yake, apumzike kidogo. Sikukuu ya mavuno atakuwa hukohuko. Usimsumbue kwa simu.

Baba yako


Hwacheon, 7 Oktoba 2012

Baba,

Siku ya sikukuu nilipanga foleni ya simu nikampigia mama mkubwa Yeosu. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Mama yako anaendeleaje?" Na mimi ndiye nilipiga nimuulize hivyo! Nikamwambia, "Si yuko kwako?" Akababaika, akasema ana chungu jikoni, akakata.

Nikapiga nyumbani. Ukapokea. Nikasema, "Mpe Mama." Nikasikia kiti kikisogezwa karibu na simu. Nikasikia mtu akipumua, na hukuwa wewe, maana wewe ulikuwa unakohoa. Kisha ukasema, "Hayupo."

Kuna mtu alikuwa amekaa hapo, Baba.

Nimeisoma tena barua yako. Umeandika chipsi "zililiwa." Na nani? Nakufahamu. Ungezila wewe ungesema umezila.

Mama ameishi miaka yote hii na mume anayezungumza na lifti zaidi kuliko anavyozungumza na mkewe. Kama amechoka akaondoka, simlaumu. Lakini kama kuna mwanamke mwingine kwenye kiti chake, naye anapikiwa kitu ambacho Mama hakuwahi kupikiwa hata siku moja, niambie mapema. Likizo yangu nitajua pa kwenda.

Seun


Wonju, 14 Oktoba 2012

Seun,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeona. Sikudai.

Uliyosema kuhusu lifti ni kweli. Hayo mengine ni mambo ya wakubwa, yatakaa sawa. Nifikirie unavyotaka. Ila ukiwa zamu shika bunduki kwa mikono miwili, na mawazo yaache bwenini.

Nina swali moja, na hata kama umenikasirikia naomba unijibu. Zile chipsi zinaweza kuwa nyekundu bila gochujang? Bila soya pia, na bila chumvi ya bahari. Nimejaribu unga wa pilipili na sukari peke yake. Zimetoka kama zimeviringishwa kwenye mchanga. Mlaji alikula mbili akasukuma sahani. Uji hataki, wali mweupe anautazama tu mpaka unapoa.

Ni lazima ale. Nijibu upesi.

Baba yako


Hwacheon, 20 Oktoba 2012

Shikamoo Baba,

Na shikamoo nyingine, kwa ile iliyokosekana.

Inawezekana. Nimeijaribu mwenyewe jikoni kambini. Mpishi wetu alinipa kona ya jiko na viazi vyake vilivyochipua. Fanya hivi. Chumvi tafuta ile iliyosafishwa kiwandani, soma mfuko, isiwe ya bahari. Tufaha moja tamu, kitunguu maji nusu na saumu, vyote vikune viwe uji. Pasha mafuta kijiko kimoja, epua, mimina unga wa pilipili kwenye mafuta hayo yaliyotulia, utaona wekundu unatoka wenyewe. Rudisha motoni pamoja na uji wa tufaha, sukari, siki na chumvi yako. Moto mdogo. Usigeuke kutafuta kitu. Tufaha ndilo litakalonata badala ya gochujang.

Viazi vimenywe vyote, usiache ganda.

Na kwa kuwa tuko kwenye habari hiyo: usitie unga wa dagaa, wala mchuzi wa samaki. Mwani usikaribie. Ile jibini niliyokuwa nakunia juu, acha. Maziwa acha. Yai, mpe ute tu, kiini ule wewe.

Mlaji akisukuma sahani usimlazimishe. Weka chipsi tano tu kwenye sahani ndogo. Zikiwa tano mtu anaona haya kubakiza. Zikiisha, weka nyingine tano.

Msalimie sana. Mwambie huku nakula kila kinacholetwa, nalala kama gogo, na simkasirikii mtu yeyote.

Mwanao,
Seun


Wonju, 25 Oktoba 2012

Mwanangu Seun,

Mama yako alisoma barua yako, akairudia, akachukua kile kibao anachoandikia siku hizi, akaandika: ANAJUA.

Nikamwambia, "Anajulia wapi? Ni chipsi tu."

Akafuta, akaandika: NANI ALIMWAMBIA HABARI ZA KIINI CHA YAI?

Mimi nilikuuliza chumvi, soya na gochujang. Mayai sikuyataja.

Basi kaa chini. Mama yako hakwenda Yeosu. Mwisho wa Agosti alifanyiwa upasuaji Seoul, kwenye tezi ya shingoni. Ilikuwa saratani. Wameitoa tezi yote. Daktari anasema ya aina hii wengi wanapona, nimemfanya aniambie mara nyingi mpaka akaniomba nimwachie mgonjwa mwingine nafasi. Lakini mshipa wa sauti ulichubuka, na tangu siku hiyo mama yako hana sauti hata ya kunong'ona. Pengine itarudi. Hivi sasa anaandika. Ukitaka kujua nyumba yetu ilivyo, fikiria nyumba ambayo mwenye kusema ni mimi.

Mwanamke aliyekuwa kwenye kiti siku ya sikukuu ni yeye. Alikivuta karibu asikilize. Alijiziba mdomo kwa mkono, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kutoka. Uliposema "Mpe Mama" alinitazama, nikakosa la kufanya, nikasema hayupo, naye yuko mbele yangu. Katika yote niliyofanya mwaka huu, hilo ndilo sitaki kulirudia.

Alinilazimisha niape. Alisema askari mwenye mawazo hujikwaa kwenye bunduki yake. Yeye mwenyewe alikataa kukuandikia, anasema akishika kalamu itasema kweli.

Sasa kuna dawa ya kumaliza mabaki. Kabla ya kuinywa lazima akae wiki mbili bila chakula chochote chenye madini joto, ile iodini ya vitu vya bahari, yaani kila kitu kitamu katika nchi hii. Alikuwa amepungua sana. Muuguzi alisema asipokula wataahirisha, na mimi nikaona wakiahirisha ataikataa kabisa. Nikamuuliza, "Unatamani nini?" Akaandika: CHIPSI ZA SEUN. Tangu alipotoka hospitali jibu ni hilohilo. Hakuna bia. Sijanywa bia.

Jumanne nilipika ya tufaha. Tano kwenye sahani ndogo. Akala. Akanyoosha sahani. Nikaweka tano. Akanyoosha tena. Nilikaanga mpaka viazi vikaisha, nikatoka na helmeti yangu kichwani kwenda kununua vingine, muuza duka akaniuliza kama jengo lake lina hitilafu.

Keshokutwa anaingia. Dawa ina mionzi, atafungiwa chumba cha peke yake na mimi siruhusiwi kuvuka mlango. Nitakaa kwenye korido. Maisha yangu yote nimefungua milango iliyokwama na watu ndani yake. Huu sitaugusa.

Naogopa, Seun. Hili usimwambie.

Baba yako


Hwacheon, 31 Oktoba 2012

Shikamoo Baba,

Ni kweli, nilijua. Swali lako la chumvi nilimsomea Koplo Bang kama kichekesho. Hakucheka. Aliniuliza, "Kwenu nani anaumwa tezi?" Shangazi yake alipitia mlo huohuo. Orodha yote ya mayai na mwani ni yeye aliyenipa, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya viazi. Kisha alisema wengi wanapona, nikamwambia aseme tena, akasema tena.

Nilitaka kukuandikia siku ileile kwamba najua. Nikafikiri: kama wamejitaabisha hivi kunificha, basi nami niwaache wadhani wamefanikiwa. Kazi iliyokuwepo ilikuwa ni Mama kula.

Yale niliyokuandikia siku ile, ya mwanamke mwingine, nisamehe. Ungeweza kujitetea kwa mstari mmoja tu. Hukujitetea, ukauliza habari ya chumvi.

Kamanda anajua. Amesema nikitaka likizo ya dharura atanipa. Nije? Au nitawaongezea hofu? Niambieni, nitafanya mtakavyo. Silali kama gogo, huo ulikuwa uongo. Kama hamna nafasi ya barua, andikeni hata neno moja.

Mama, kama unasoma begani kwa Baba: shikamoo.

Seun


Wonju, 28 Novemba 2012

Mwanangu Seun,

Marahaba. Ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Baba yako nimemkataza kukaa karibu, anasoma kabla wino haujakauka.

Lile neno moja uliloomba lilikufikia? Baba yako aliandika SUBIRI kwa herufi kubwa, kama za kwenye mlango wa lifti mbovu. Nilimwambia mtoto atashtuka. Akasema hapana, mtoto ni askari, anaelewa amri.

Subira imekwisha. Jana tulikwenda Seoul kusikiliza majibu. Daktari aligeuza ile picha ya mwili wangu tuione, mimi mzima mweusi kama kivuli ukutani, akasema, "Mama, hakuna kilichobaki. Ni safi." Baba yako akasema, "Hebu angalia tena." Daktari akaangalia tena. "Safi." Baba yako akauliza kama mashine yenyewe inafanyiwa matengenezo, na lini mara ya mwisho. Nilimkanyaga mguu.

Kwa hiyo nimepona, mwanangu. Nitameza kidonge kila asubuhi mpaka nizeeke, basi. Sasa lala. Nakuamuru mimi mama yako, lala.

Umekosa mengi, acha nikusimulie.

Chumba kile cha peke yangu hakikuwa kibaya kama nilivyoogopa. Kilikuwa na mlango mzito kama wa benki. Siku ya pili niligonga kwa ndani, nijaribu tu. Nje akagonga mtu. Nikagonga tatu, akagonga tatu. Tuliendelea hivyo mpaka muuguzi akamwambia, "Mzee, tafadhali, mtaamsha wagonjwa." Miaka mingi nimelalamika kwamba baba yako hana mazungumzo. Basi hayo yalikuwa mazungumzo.

Kuhusu yule mwanamke mwingine kwenye kiti changu: nilicheka bila sauti mpaka kovu likaniuma. Nilimwandikia baba yako kwenye kibao, MLETE TUMWONE. Hakucheka siku hiyo. Alicheka wiki iliyofuata, yuko bafuni peke yake. Unamjua.

Nilipoachiwa kula kila kitu, aliniuliza nianze na nini. Unajua nilisema nini. Safari hii alifungua mtungi wa gochujang, akachota kwa heshima kama anachota dawa. Helmeti kichwani, miwani usoni. Mimi nimekaa nyuma yake namtazama. Chipsi zilikuwa zinalia kama njiti, kweli kabisa. Basi akajisahau kwa furaha, akaanza kunieleza namna ya kukausha viazi, mimi niliyempikia tangu tuoane! Nikaona rojo linaanza kushika pembeni. Nikasema, "Linaungua."

Akageuka kutazama mlangoni nani ameingia.

Nikasema tena, "Mzee, linaungua." Sauti ilikuwa nzito, mbaya, kama gari la taka linapanda mlima. Lakini ilikuwa yangu. Rojo likaungua lote na hakuna aliyelijali. Tulikula chipsi kavu na chumvi. Ya bahari.

Sasa sauti inakuja asubuhi, jioni inachoka. Daktari anasema itanyooka. Nikikaa kimya baba yako ananiuliza, "Umekasirika?" Nikisema ananiambia, "Usiichoshe." Hakuna kumridhisha.

Likizo ya dharura usiombe tena, ibaki kwa mwenye shida. Njoo kwa likizo yako ya kawaida baada ya mwaka mpya, na umlete huyo Koplo Bang kama ataruhusiwa. Nataka nimwone mtu aliyenipangia mlo bila kunijua. Mwambie atakula mpaka afungue mkanda.

La mwisho ni la jana, tukirudi kutoka Seoul. Baba yako aliendesha polepole, malori yote yakatupita. Katikati ya njia akaingia kwenye kituo cha mapumziko, akasema ana haja. Akarudi na chipsi nyekundu kwenye kikombe cha karatasi, vijiti viwili vimechomekwa juu. Tukasimama kando ya gari kwenye ule upepo. Akachukua moja, akatafuna, akakunja uso.

"Hawakukausha viazi," akasema.

Akachukua ya pili. "Wamekaanga mara moja tu, Mama Seun. Unaona? Mara moja tu. Watu wanasafiri kutoka mbali, wana njaa, halafu mtu anakaanga mara..."

Hakumaliza. Akanigeuzia mgongo akatazama milima. Mabega yakaanza kumtikisika. Tangu Agosti sikuwahi kumwona akilia, si hospitali, si nyumbani, wala jana mbele ya daktari. Alilia kama mtoto, pale penye watu, mabasi yanashusha wasafiri, vikongwe wanatutazama. Mmoja akanisogelea akaniuliza, "Kulikoni, mmefiwa?"

Nikamwambia, "Hapana, bibi. Tumepona."

Nikamwacha alie mpaka amalize. Chipsi nilizila zote mimi.

Mama yako,
Tak Jeongnim